Kichuguu Kina Mwenyewe

Likuyani
Jumapili, 9 Machi 2025

Edah,

Sikusalimii. Nikianza na salamu nitapoa, na sitaki kupoa kabla hujasoma yote. Nimekupigia simu tangu Alhamisi. Mara ya kwanza ukaniambia uko mkutanoni, mara ya pili ukaniletea Kiingereza cha ofisini, mara ya tatu ukanikatia. Sawa. Karatasi hutaikatia. Mwalimu Eugene anashuka Kakamega kesho, atamwachia mlinzi wa geti lenu hapo Shieywe.

Alhamisi asubuhi nilimpeleka Mama kliniki ya presha. Tuliporudi tulikuta boma limejaa watu wa kampuni yako, makoti ya manjano kila mahali, na tingatinga linanguruma kama liko kwao. Wamepiga vigingi vyekundu kutoka zizini mpaka kwenye migomba. Kichuguu cha nyuma ya jikoni wamekisawazisha. Hicho hakinisumbui, kilikuwa kinaizungusha trekta kila msimu. Lakini kigingi kimoja, Edah, kimesimama juu ya kaburi la Baba. Si kando, ni juu! Wametoboa saruji niliyoimwaga kwa mikono yangu hii.

Nikamuuliza kijana mmoja mwenye ramani, nani amewatuma? Akatabasamu, ati, "Ni ripoti ya Injinia Edah, mzee. Hapa chini kuna almasi." Dada yangu wa tumbo moja! Nilikosa hata pa kuweka uso. Huyo unayetaka afukuliwe ndiye alikusomesha, ndiye alikuwa anakupakata akikufundisha majina ya mawe.

Wanasema mtambo wa kuchimba utakuja baada ya Pasaka. Kabla ya hapo nyumba ya Mama ivunjwe na kaburi lihamishwe. Waambie watanikuta nimesimama juu ya hiyo saruji na panga.

Mama tangu siku hiyo haongei na mtu. Anakaa jikoni anatazama ukuta. Uchungu wa kaburi la mume wake ndio unammaliza, na akipatwa na neno wewe ndiwe utaulizwa.

Kaka yako,
Wangila


Shieywe, Kakamega
12 Machi 2025

Kaka Wangila,

Mimi nakusalimia, kwa sababu nilifunzwa adabu.

Tuanze na lile uliloliruka. Nani aliwafungulia geti? Mwezi wa pili ulikaa na bosi wangu hapo kwako, mkanywa soda, ukamwambia, "Ingieni tu, na mkija na tingatinga mniondolee hicho kichuguu." Amenihadithia mwenyewe akicheka. Ulitaka tingatinga la bure, Kaka. Limekuja. Leo unanitukana mimi kana kwamba uliamka ukalikuta limeota uani.

La pili, acha kuzungumza juu ya kazi yangu kama mchezo wa watoto. Krismasi uliniona nikiosha udongo wa kile kichuguu kwenye karai. Ulinicheka mbele ya watoto wako, ati injinia mzima anachezea matope. Chini ya karai zilibaki punje nyeusi nzito, na nyingine za zambarau zinazoitwa ganeti. Nilizipeleka maabara mimi mwenyewe.

Nisikilize sasa. Almasi haizaliwi huku juu. Inazaliwa chini sana, chini kuliko kisima chochote unachoweza kufikiria. Kuna mwamba unaitwa kimberlaiti, na zamani za kale, ukiwa bado moto na umejaa gesi, ulipasua njia ukaja juu kwa kasi, kama uji unavyofurika ukiusahau jikoni. Huko ulikopita ulizoa almasi, ukazoa na hizi punje. Ukapoa ndani ya njia yake, ukabaki kama bomba lililosimama ardhini. Udongo ukafunika, watu wakapanda mahindi, hakuna anayejua. Ila mchwa wanajua. Wanashuka mbali kutafuta maji na wanapanda na punje. Ndiyo maana watu wa kazi yetu wakifika mahali huanza na vichuguu.

Na punje zile bado zina ngozi yake ya nje. Kama zingeletwa na mto zingesagika, zikawa laini. Hizi hazijasafiri. Zimetoka hapo hapo zilipo.

Unaelewa ninachokuambia? Bomba la almasi nyuma ya jikoni yetu, na limegunduliwa na mtoto wa mtu aliyechimba almasi Shinyanga! Baba angelia kwa furaha. Ungemuuliza yeye mwenyewe angekuambia umhamishe leo, alikuwa mtu wa migodi yule. Miaka minne katika ofisi hii nimekuwa msichana wa kuulizwa chai iko wapi. Sasa wakubwa wananyamaza nikiongea. Usiniharibie hilo kwa kelele za panga.

Mama atajengewa nyumba ya mawe karibu na soko. Kaburi litahamishwa kwa heshima, na mchungaji atakuwepo.

Mdogo wako,
Edah Khalayi


Likuyani
17 Machi 2025

Edah,

Ndiyo, niliwaambia waondoe kichuguu. Kichuguu! Kuna mtu amezikwa ndani ya kichuguu? Sikuwaambia wamguse Baba. Usichanganye mambo ili uonekane msafi.

Umeandika "kwa heshima." Hebu niambie ni heshima gani iko kwenye kumchimbua mtu kwa koleo. Nimekaa na wazee wa ukoo. Hakuna aliyewahi kusikia kaburi la mwenye boma likihamishwa mwenye boma akiwa ndani. Mzee Shitanda alisimama akatoka, hata chai hakumaliza. Wewe umesoma mpaka umesahau unatoka kwa nani.

Kwa hiyo nimemaliza maneno. Jana bosi wako alikuja nikamwambia: mtambo ukipita, upite upande wa nyumba ya Mama. Kaburi mlizunguke. Akatazama ramani yake, akakubali, ati njia ni moja tu kati ya hizo mbili. Mama atahamia kwangu, chumba cha Wendy kiko wazi yuko shule. Nyumba ile ni mabati na udongo, inajengwa tena. Baba hajengwi tena.

Mama nimemwambia. Akageuka akachochea moto. Nadhani ametulia kwa kusikia kaburi limepona.

Wangila


Shieywe, Kakamega
24 Machi 2025

Mayi mpendwa,

Shikamoo. Kaka ameniandikia kwamba huongei na mtu. Nimejua ni kwa sababu ya Baba. Tafadhali usilie tena. Kaburi halitaguswa, tumeelewana hivyo, ingawa mimi na Kaka tumerushiana maneno ambayo nisingependa uyasikie.

Ni nyumba tu itakayoondolewa. Ukikaa kwa Wangila kwa muda utapumzika, umefanya kazi sana. Najua umezoea jikoni yako, lakini hebu fikiria: jina la Baba litakuwa kwenye vitabu. Nitawaambia waliite bomba hilo kwa jina lake. Alichokitafuta Shinyanga alikuwa amekilalia nyumbani kwake!

Nakuombea. Nitakuja nikipata ruhusa.

Mwanao,
Khalayi


Likuyani
31 Machi 2025

Wangila na Edah,

Nawaandikia barua moja kwa sababu ujinga wenu ni mmoja. Nimenakili mara mbili, moja hapo ng'ambo ya ua, nyingine huko mjini kwenye geti la mlinzi.

Nani amewaambia nalia? Wangila, mlango wako na mlango wangu inatazamana. Badala ya kupiga hodi uniulize, unakaa unamwandikia dada yako kwamba Mama ana uchungu wa kaburi. Barua, zako kabla hujazituma na zake zikifika, unaziacha mezani chini ya sahani, nimezisoma zote. Mnanigawa tu. Huyu ananipeleka sokoni, huyu ananipeleka chumba cha Wendy. Mbuzi tu ndiye anayehamishwa bila kuulizwa, na hata yeye hulia.

Juzi mvua ya kwanza imenyesha. Kwa akina Khisa kumbikumbi wameruka. Kwa Jepkemboi wameruka mpaka kuku wakashiba wakaacha. Mimi mazoea yakanitoa. Nikachukua blanketi yangu, nikachukua vijiti vyangu vya kuwagongea watoke, nikafika nyuma ya jikoni nikakuta uwanja. Wangila, uwanja! Nilisimama hapo na blanketi mkononi kama mwendawazimu. Jepkemboi akaniletea bakuli moja, ati pole mama. Tangu niletwe hapa mimi ndiye huwapelekea watu. Niliikataa hiyo bakuli. Ninyi mmenifanya nimkatalie jirani chakula.

Unasema ni kichuguu tu. Kile kichuguu kina mwenyewe. Nilipoletwa hapa nikiwa msichana, Kukhu yenu, mama ya baba yenu, alinishika mkono akanipeleka akaniambia, "Hiki ni chako. Hata mwanangu asipofika, hutalala njaa." Na alimjua mwanawe. Katika ukoo huu mtu anaweza kukuibia kuku, lakini hakuna mtu mwenye akili anayegusa kichuguu cha mwingine. Na wewe Wangila ulikitoa kama mtu anayetoa takataka, ili trekta lisipinde. Unaandika ati Baba ndiye alimsomesha Edah. Edah alisomeshwa na kumbikumbi. Niliwakaanga, nikawauza kwa vikombe pale sokoni, na wewe Wangila nilikununulia viatu vya tohara kwa hao hao. Baba yenu alikuwa anakaa hapo kivulini akiwahadithia watoto habari za almasi.

Sasa hizo punje. Edah, umenichekesha kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Ati hazijasafiri!

Baba yenu alienda Shinyanga Wangila akiwa anatambaa. Alisema msimu mmoja. Mwaka uliofuata mpaka wa Tanzania ukafungwa, ni kweli ulifungwa, na yeye akapata la kusema. Lakini watu walikuwanga wakipita njia za panya kila wiki na sabuni na vitenge. Yeye peke yake ndiye mpaka ulimzuia. Miaka ikapita, Wangila akaanza shule, akawa anauliza kama ana baba. Mpaka ulipofunguliwa, hata hakuharakisha.

Siku aliyorudi nilikuwa napepeta wimbi. Akaingia na debe begani. Hana nguo za mtoto, hana sukari, hana hata mkate. Debe. Akaliweka chini taratibu kama yai, akaniambia, "Emily, utajiri wetu uko humu ndani." Nikachungulia. Mchanga! Alikuwa ameuokota kwenye kifusi cha mgodi, ule unaobaki wakishaosha, mweusi mweusi na punje za rangi ya zambarau. Anasema wazungu hawaoni vizuri, tutachambua tutapata. Na goti la suruali yake lilikuwa na kiraka. Kiraka kizuri, mshono mdogo mdogo, umenyooka. Baba yenu hakujua hata kushika sindano.

Sikumuuliza huyo mwanamke ni nani. Nilinyanyua debe. Sijui nguvu nilitoa wapi. Nikalipeleka kwenye kichuguu, nikapata lile tundu lake kubwa la juu, nikamimina lote, mpaka chini. Akapiga kelele, "Huyo mwanamke ana wazimu!" Nikamwambia, ndiyo, chimba basi. Akatazama mama yake, Kukhu akamwambia kichuguu ni cha Emily, kiguse uone. Hakuchimba. Aliishi miaka yake yote iliyobaki akikizunguka, lakini hakuchimba.

Ndiyo almasi yenu hiyo, injinia. Imekuja kwa basi.

Na hakuna aliyeniuliza. Krismasi ulipita mbele yangu na karai la udongo wa kichuguu changu, Edah, hata hodi hukupiga. Ungesema tu, "Mama, nichote?" Ningekuambia chota, na ningekuambia kilicho ndani.

Mimi siondoki katika nyumba hii.

Mama yenu,
Emily Naliaka


Shieywe, Kakamega
8 Aprili 2025

Mayi,

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea.

Jumatano niliingia kwa bosi nikamwambia yote, debe, kifusi, Shinyanga. Nikamwambia na kosa langu. Kanuni ya kazi inasema chukua udongo wa vichuguu vingi, vya jirani, vya mbali, ulinganishe. Mimi nilichukua kimoja, cha kwetu, kwa sababu nilitaka kiwe cha kwetu. Alinisikiliza akizungusha kalamu. Kisha akasema, "Wenye pesa wanakuja mwezi wa tano kuona mtambo ukifanya kazi. Hiyo hadithi ya mama yako na debe usiitoe nje ya mlango huu." Nikamwambia chini ya boma letu hakuna kitu. Akasema, "Tutachimba ndipo tujue hakuna." Nikapandisha sauti. Naye akapandisha. Ijumaa nilikuta jina langu limetolewa mlangoni. Sina kazi, Mayi.

Na bado wanakuja! Wanasema mwenye shamba ametoa neno lake. Nimempigia Kaka mara ngapi sijui, nikamwambia hakuna almasi, futa hilo neno. Anasema natunga hadithi kwa sababu nimefukuzwa. Anasema Mama amechanganyikiwa na uzee, ati Baba hakuwa mtu wa namna hiyo. Anasema bora kaburi liko salama, na mwanamume hali matapishi yake. Nilimtukana. Sitaandika nilichosema.

Lakini na wewe nakukasirikia. Naandika nikijua si adabu. Nilisomea mawe kwa ajili yake. Chuoni walipotuuliza kwa nini tumechagua kazi hii, wengine walisema mshahara, mimi nikasema baba yangu. Na wewe ulikuwa unanisikia nikisema hivyo miaka yote, unapepeta mahindi, unanyamaza. Kwa nini uliniacha nimpende hivyo? Ungeniambia nikiwa na miaka kumi, nisingekuwa mpumbavu nikiwa na thelathini na tano.

Niambie nifanye nini. Nikija nilale mlangoni pako wapite juu yangu, nitakuja.

Khalayi


Likuyani
24 Aprili 2025

Khalayi,

Usije kulala mlangoni pangu, utapata homa ya mapafu bure. Imeisha. Nitakuambia ilivyoisha, maana kaka yako atakuhadithia yake.

Kwanza nikujibu, maana umeniuliza kwa hasira, na hasira hiyo umeitoa kwangu, naijua. Sikukuambia kwa sababu wewe ulimpata akiwa amerudi. Alikuwa mzuri kwako. Alikubeba, akakuchongea vigari, akakujibu maswali yako yote. Wangila hakupata hayo, na ndiyo maana analinda lile kaburi kama askari, bado anangoja baba arudi. Ningekunyang'anya ili nipate nini? Mimi nilikuwa nimeshakasirika vya kutosha kwa niaba yetu sote. Kama nimekosea, kaa na hasira yako, ni haki yako. Lakini usimwache baba yako kwa ajili ya debe langu.

Jumanne walikuja, bosi wako na wale wa makoti ya manjano, na lori limebeba vyuma. Vigingi vyao walivitafuta hawakuviona, kwa sababu nilikwisha kuvipikia maharagwe. Wangila akaja na wazee wa ukoo wakakaa kwa viti, Mzee Shitanda katikati. Nikaambiwa nitoe vyombo vyangu. Wangila mwenyewe akachukua sufuria ya kwanza. Akasema, "Mama, tafadhali, usituaibishe mbele ya wageni."

Nikamnyang'anya sufuria yangu. Nikamuuliza yule bosi, "Njia zako ziko mbili, sivyo?" Akasema ndiyo, mama. "Hii ya nyumba na ile ya kaburi?" Akasema ndiyo. Nikasema, "Basi pita kwa kaburi."

Edah, ungeona. Mzee Shitanda akasema, "Emily, huyo ni mume wako." Nikamwambia, namjua, nilimngoja kuliko nilivyokaa naye. Nikawaambia wote: mnaniambia mimi nihame ili yeye asisumbuliwe. Mimi sijawahi kulala nje ya boma hili tangu nilipoletwa, isipokuwa kujifungua. Yeye ndiye aliyezoea safari. Mchukueni. Mimi mjane wake nimekubali, na nitawashikia taa.

Wangila akaangua kilio. Mtu mzima na ndevu zake, mbele ya wageni. Akamwambia yule bosi aondoe lori lake, amefuta neno lake, nyumba haiguswi, kaburi haliguswi, na akitaka kesi apeleke. Wazee wakasimama pamoja naye. Bosi wako akanitazama, akatazama ramani, wakaondoka.

Sasa kaka yako ananyenyekea, ananiletea maziwa asubuhi. Anamwambia kila mtu sokoni mama yake ana akili nyingi, ati alijua kusema kaburi ndiyo dawa ya kuwafukuza, ati ulikuwa ujanja wa kizee. Wazee wananisifu kanisani. Na wewe atakuandikia hivyo hivyo.

Mwache aamini, anahitaji. Lakini wewe umeniuliza kwa nini nakuficha mambo, basi hili sikufichi. Haukuwa ujanja. Wangeshuka na koleo siku ile, ningewaonyesha kichwa kiko upande gani.

Mama yako,
Emily Naliaka